Karatasi ya Wifi Yangu

Mimi nina mdomo, na sijawahi kulikana hilo. Miaka ishirini na sita nachanja watoto katika kisiwa hiki, Nungwi mpaka Makunduchi, na mtu akinijia na upuuzi wake kuhusu sindano namjibu mpaka anatafuta njia ya kutokea. Skuli ngapi nimesimama mbele ya wazazi wakanipigia kelele, na mimi nikawapigia kubwa zaidi! Basi itakushangaza nikikwambia kwamba siku niliyotakiwa kusema neno moja tu, kwa mtu wa nyumbani kwetu, ulimi uliniganda.

Mtu mwenyewe ni Thuwaiba, mke wa kaka yangu Msabah. Ana umri wa miaka arubaini na nne. Aliolewa ana kumi na tisa, na hakupata kumjua mwanamme mwengine isipokuwa kaka yangu. Hilo nataka ulishike, maana ndilo lililoniponza.

Mimi ndiye niliyemburura akapimwe. Kliniki yetu iko mtaa wa Ng'ambo, na mwaka huu tulianza kuwapima wanawake kile kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Kila nikimwambia njoo, ananambia kesho. Siku moja nikamfuata mwenyewe nyumbani kwake Malindi, hapa hapa mjini, nikamtoa jikoni. Njia nzima alikuwa ananicheka. "We Mwanamwema, mtu akipiga chafya tu unataka kumfungulia faili." Akapimwa, akatazamwa, akarudi zake kupika.

Haikutimia wiki, Msabah akaanguka bafuni. Presha. Hakuinuka tena. Tulimzika baada ya alasiri, na mimi sikumbuki nani alinivua viatu siku ile.

Siku ya tatu ya msiba nilipita kliniki mara moja kuomba ruhusa, na Daktari Maryam akanipa bahasha. "Pole sana, dada. Najua si wakati wake. Lakini mpe wifi yako hii, na mwambie asichelewe." Niliifungua njiani. Ndiyo, niliifungua, usinitazame hivyo. Kirusi kipo, tena aina yake mbaya. Na siku ile alipomtazama, Maryam aliona doa jeupe kwenye mlango wa kizazi, la kutibiwa kabla halijageuka kitu chengine.

Kirusi hicho hupita kitandani. Thuwaiba hakuwa na kitanda chengine maishani mwake. Na kaka yangu yuko kaburini, udongo wake bado mbichi.

Nikaitia bahasha mkobani. Nikajiambia, wacha khitma ya marehemu ipite. Ikapita. Nikajiambia, wacha wageni wa Pemba waondoke. Wakaondoka. Kila siku nilipanda ngazi za nyumba ile, nikakaa ubavuni pa Thuwaiba, nikala kwa mkono wake, na mkoba uko baina yetu juu ya mkeka. Mimi huyu, ninayewagombeza akina mama wa watu kwa kuchelewa siku mbili! Siku kumi na tisa niliikalia karatasi ile. Mpaka Maryam akaniuliza, "Wifi yako mbona haji?" Ndipo nikampa.

"Yametoka jana," nikamwambia Thuwaiba. Uongo ulinitoka hivyo hivyo, laini.

Aliisoma polepole. Nikamweleza kilichoandikwa, kwamba kuna mashine ya joto, wanachoma lile doa kwa dakika moja au mbili, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Akaikunja karatasi mara nne.

"Nimo edani, wifi."

Na kweli alikuwamo edani. Mfiwa na mume hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ovyo. Mimi eda naiheshimu. Lakini ugonjwa ni ugonjwa, kwa hivyo nikampigia simu Sheikh Hamid, aliyetusomesha Kurani chuoni sote wawili, mimi na marehemu. Nikamweleza bila ya kutaja ugonjwa gani. Akanikalia juu kabisa: "Mgonjwa anatoka mchana, anatibiwa, anarudi kulala nyumbani kwake. Nani kakwambieni akae ndani afe?" Nikapanda ngazi mbio kama niliyeshinda kesi.

Thuwaiba akanisikiliza mpaka mwisho. "Alhamdulillahi," akasema. "Nimesikia." Na hakwenda.

Wiki ya kwanza nilibembeleza. Wiki ya pili nilinuna. Wiki ya tatu nikaanza kupandisha sauti, na yeye ananyoosha kidole kwenye mlango wa chumba cha mama yangu, Bi Tabia, anayekaa nao nyumba moja. Maana yake nyamaza, Mama asisikie. Nikawa nashuka ngazi nimefura, naongea peke yangu mpaka Darajani, watu wananipisha.

Hasira ile, nikuambie kweli, haikuwa yote juu yake. Kila akisema "ngoja kidogo", mimi nilisikia sauti yangu mwenyewe ya zile siku za bahasha. Ndiyo maana nilimkaripia zaidi.

Zilipita kama siku hamsini tangu mazishi. Siku hiyo nilikuwa Kidichi, tunachanja wasichana wa skuli, na gari ilituacha mbali tukakata njia kwenye mashamba ya mikarafuu. Nilifika Malindi baada ya adhuhuri nimechoka, na pindo la buibui langu lote limejaa kishona nguo, zile mbegu nyeusi nyembamba zinazong'ang'ania nguo ukipita majanini. Mama alikuwa amelala. Riyama, binti wa Thuwaiba na marehemu, miaka kumi na tatu, alikuwa amekwenda chuoni. Thuwaiba yuko jikoni peke yake, anakanda unga wa maandazi.

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikaanza kuchomoa mbegu moja moja. Nikasema, "Thuwaiba, leo sitaki ugomvi."

"Na mimi sitaki," akasema. "Na wala hapana haja ya ugomvi. Mambo yanakwenda vizuri. Inatoka."

"Nini inatoka?"

"Damu." Alisema huku anakanda. "Si ya mwezi, ya mwezi naijua. Hii kidogo tu, matone. Mara ya mwanzo nilinyamaza. Juzi tena. Inajisafisha, wifi."

Mbegu niliyokuwa nimeishika iliniponyoka.

"Inajisafisha vipi?"

Akanitazama kwa huruma, wallahi kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua. "Eda ni ya nini? Si ya kukitakasa kizazi? Mwanamke anakaa mpaka ijulikane tumboni hamna cha mume aliyekwenda. Mimba ingekuwamo, ingeonekana. Hakuna. Basi na hicho kirusi vile vile, ikiwa kililetwa na mume, eda inakitoa. Na wewe mwenyewe si ndio unayosema kwenye maskuli? Mwili una askari, askari wanalinda mlango. Haya, mlango nimeufunga. Haingii mtu. Wacha askari wafanye kazi yao."

Mwana wee! Maneno yalikuwa yangu. Askari, mlango, kulinda, yote nimeyasema mimi, mara mia tano, mbele ya wasichana waliokaa chini safu kwa safu. Nilikuwa najisifu kwamba hakuna anayeeleza chanjo vizuri kama mimi. Lakini hadithi yangu siku zote iliishia mlangoni. Sikupata kusema, hata siku moja, inakuwaje kwa yule ambaye mgeni keshaingia. Na Thuwaiba, mwenye akili zake timamu, alichukua nusu yangu akaiunganisha na eda yake, ikamkaa sawasawa.

Nilitaka kupiga kelele. Nikaibana midomo. Nikaiokota ile mbegu sakafuni.

"Hii unaijua?"

"Kishona nguo. Nani asiyeijua?"

"Itazame nchani. Ina vijino. Bila ya vile vijino haishiki kitu. Sasa kirusi chetu ni kijidude mviringo, kidogo hata sijui nikwambie nini, lakini juu yake kote kimejaa vya kushikia. Kikikosa pa kushika hakiingii popote. Kinangoja mchubuko, mchubuko ambao mwenyewe hata huusikii, kule kwenye mlango wa kizazi. Kikiupata kinashuka mpaka chini kabisa ya ngozi. Huko kuna kitu chembamba kimetandikwa, seli zimekaa juu yake kama watu juu ya mkeka. Kirusi kinashika ule mkeka kwanza. Kinatulia, kinajigeuza kidogo umbo lake. Ndipo seli ya jirani inakipokea na kukimeza."

Alikuwa ameacha kukanda.

Nikamega donge la unga wake. Ulikuwa umekolea samli, haunati. Nikaiviringisha ile mbegu ndani ya donge, nikaibandika kwenye kanga yake, magotini. Ikaanguka. Nikaibandika tena, ikaanguka.

"Huu unga ndio wale askari wangu," nikasema. "Jina lao kingamwili. Zinakuja na damu, zinapenya kwenye mchubuko ule ule, zinakivaa kirusi. Kila penye kishikio imekaa moja. Nyengine zinakizuia kisiushike hata huo mkeka. Nyengine zinakiacha kishike mkeka lakini kutoka hapo kwenda kwenye seli hakiwezi. Kinakaa pale pale kimefungwa mikono, mpaka mwili unakuja kukifagia."

"Na Riyama anazo hizo."

"Anazo tele. Nilimchanja mwenyewe mwaka jana. Ile sindano ni ganda la kirusi, ganda tupu, ndani hamna kitu cha kuzaa. Mwili ukaliona ganda, ukashtuka, ukatengeneza kingamwili. Siku chenyewe kikitaka kuja, kitakuta nyumba ina wenyewe."

"Basi kwa nini mwili wangu mimi usishtuke?" Hapo sauti yake ilibadilika. "Mimi nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu. Kirusi hiki kina hila. Hakipiti kwenye damu, hakileti homa, hakiumi. Kinakaa ngozini kimya. Wengi wetu hata mwili haupati khabari zake vizuri, na kingamwili zinazotoka ni chache, au hazitoki kabisa. Wanawake wengi miili yao inakisukuma nje baadaye, kwa askari wa namna nyengine, wala hawajui kama walikuwa nacho. Wa kwako haukuweza. Lile doa ndio ushahidi."

Nikamvutia pindo langu. Mbegu moja ilikuwa imezama ndani ya mshono, imebaki kijincha tu. "Haya, hii nayo ipake unga. Ifunike kama nilivyofanya mimi."

Akachukua donge, akalikandamiza juu ya mshono kwa dole gumba. Akaliondoa. Mbegu iko pale pale. Akarudia, kwa nguvu zaidi. Nilimwacha. Mara ya tatu donge lilivunjika mkononi mwake.

"Haitoki," akasema.

"Haitoki. Unga uko nje na yenyewe imo ndani. Kingamwili haziingii ndani ya seli, Thuwaiba. Zinapita nje, kirusi hazikioni. Hata ningekuchanja leo kwa sindano ile ile ya Riyama, hicho kilichomo kingebaki kilipo. Na eda inakujulisha kama kuna mtoto, basi, hiyo ndiyo kazi yake. Hiki hakitoki kwa kukaa ndani. Kinatolewa kwa mkono wa mtu."

Alipeleka kucha zake mbili kwenye mshono, akaikamata ile ncha, akaivuta mpaka ikatoka na uzi. Akaiweka kwenye kibao cha kusukumia. Alikaa anaitazama.

"Kwa hivyo ile damu si ya kujisafisha."

"Si ya kujisafisha."

"Ni mbaya?"

"Sijui. Naogopa. Nakwambia kweli, naogopa."

Akanawa mikono. Nikadhani sasa atavaa buibui twende. Badala yake alirudi akakaa, akaongea kwa sauti ya chini sana. "Wifi, nikitoka mlango ule, Mama ataniuliza nakwenda wapi. Nitasema hospitali. Ataniuliza naumwa nini. Nitasema nini? Unamjua Mama, hanyamazi mpaka apate jawabu. Nimwambie mwanawe aliniachia nini? Mtoto wake wa kiume mmoja, hata miezi miwili haijatimia! Mimi siwi mke wa kumvua nguo mume wangu kaburini mbele ya mama yake. Bora nife nimemstiri."

Kumbe ndiyo hiyo! Eda ilikuwa pazia tu. Alikuwa tayari kuoza tumboni kuliko jina la Msabah liguswe. Na mimi, dada yake, nilikuwa nimefanya vile vile, ila nilifanya kwa tumbo la mwenzangu.

"Ngoja hapa," nikamwambia.

Niliingia chumbani kwa mama. Alikuwa keshaamka, amekaa kwenye mswala, tasbihi mkononi. Bi Tabia ana miaka sabiini na minane, macho hayaoni mbali lakini masikio yake, Mungu ampe umri, yanasikia mpaka yasiyomhusu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mlikuwa mnanong'ona nini huko?"

Nilikaa chini mbele yake. Nimewahi kusimama mbele ya wanaume mia mbili wenye ghadhabu, na sikuwaogopa kama nilivyomwogopa mama siku ile. Nikamwambia kwamba Thuwaiba ni mgonjwa, sehemu za uzazi. Kwamba kuna kirusi. Kwamba kinapatikana vipi. Nilisema lile neno la kupatikana vipi huku natazama mkeka.

Tasbihi ikasimama. "Msabah?"

"Hakuna anayejua, Mama. Kinaweza kukaa kimya miaka ishirini na zaidi. Kwa mwanamme aghlabu hakioneshi chochote, huenda hata mwenyewe hakujua. Alipata kuoa Tumbatu kabla ya Thuwaiba, huenda ni huko, huenda..."

"Mwanamwema, sikukuuliza mambo ya Tumbatu." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Anatibika?"

"Akienda sasa, inshallah. Lakini anaona haya kwako. Anaogopa ukijua utaona amemvunjia heshima marehemu."

Mama akaweka tasbihi juu ya mto. Akaita, "Thuwaiba!"

"Naam, Mama." Alikuwa nyuma ya mlango, maskini, muda wote.

"Njoo hapa." Alipoingia, mama alimshika kifundo cha mkono, akamvuta mpaka chini. "Sikiliza. Mwanangu nshamzika. Wewe sitaki kukuzika. Kesho asubuhi unakwenda na huyu. Majirani wakiuliza mwenye eda kenda wapi, watakuja kuniuliza mimi, na mimi bado nina meno ya kuwajibu."

Thuwaiba aliinamisha kichwa mapajani mwa mama yangu akalia kwa sauti. Nikatoka, nikawaacha.

Asubuhi yake tulikuwa kliniki kabla mlango haujafunguliwa. Maryam alimlaza, akawasha taa, akamtazama muda mrefu kuliko ninavyopenda daktari amtazame mtu. Nilisimama kichwani nimemshika Thuwaiba mkono.

"Doa limekuwa kubwa," Maryam akasema, "na mwisho wake siuoni, umeingia ndani. Kwa sababu ya damu hiyo, leo sichomi. Nakata kinyama kidogo tukipeleke kikapimwe, tujue kama bado ni doa au limeshageuka." Alimwambia yeye, si mimi, kwa utaratibu, na Thuwaiba akaitikia kwa kichwa. Kinyama kikakatwa. Alinibana vidole mpaka vikaniuma.

Alipokwisha kuvaa, Maryam alikaa mezani kujaza fomu. Akalifungua faili. "Majibu ya mwanzo yalitoka tarehe tatu," akasema huku anaandika. "Hapa nimeandika nilimkabidhi Mwanamwema siku hiyo hiyo, ilikuwa siku ya tatu ya msiba wenu. Wewe uliyapata lini, Bi Thuwaiba?"

Hakukusudia ubaya. Alitaka tarehe tu.

Thuwaiba aligeuka akanitazama. Ningeweza kusema kitu. Mimi hodari wa maneno, ningeweza kusema faili limekosewa, au nilisahau kwa kilio, na angeniamini. Mdomo nilikuwa nshaufungua.

"Nilikaa nayo siku kumi na tisa," nikasema. "Nilikudanganya kwamba yametoka jana yake. Ilikuwa mkobani."

Kalamu ya Maryam ilisimama. Akasema kwa upole kwamba doa kama hili linachukua miaka, siku kumi na tisa sizo zilizolikuza. Alitaka kunisaidia. Thuwaiba hata hakumgeukia.

"Kwa nini?"

"Kaka yangu," nikasema. "Sikutaka asemwe."

"Na mimi sikutaka asemwe." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Lakini mimi nilimstiri kwa mwili wangu, Mwanamwema. Mwili ni wangu, nilijua ninachokifanya, hata kama nilikosea. Wewe ulimstiri kwa mwili wangu vile vile. Na hukuniuliza."

Akamgeukia daktari. "Majibu ya hiki kinyama yakija, nipeni mimi mkononi. Asipewe mtu kuniletea. Asipewe wifi yangu."

"Sawa," Maryam akasema, na akaliandika hilo kwenye faili, mbele yangu. Nimefanya kazi kliniki ile tangu haijapakwa rangi, na sikupata kuona aibu ya namna ile.

Basi tukangoja. Nilikwenda Malindi kila siku, namsalimia mama, naletewa chai. Thuwaiba ananijibu "Salama, wifi", anaingia jikoni. Chumba cha chanjo ninachokaa mimi na chumba cha Daktari Maryam vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Bahasha zikiletwa nasikia mlango. Wiki ya kwanza nilichanja watoto huku sikio moja liko ukutani. Nikiona Maryam anapita koridoni namtazama usoni kama napata kitu, hola, hana kitu usoni mwake. Ningemwuliza, pengine angenambia. Mara mbili nilisimama mlangoni pake nimeunyanyua mkono kubisha, na mara mbili niliuteremsha. Sijapata kufanya kazi ngumu kama kuuteremsha mkono ule.

Siku ya kumi na mbili nilipanda ngazi za Malindi baada ya kazi, Riyama akanifungulia. "Shikamoo, shangazi. Mama alitoka asubuhi kwenda kuchukua majibu. Nilikwenda naye."

Alitoka asubuhi. Na mimi nilikuwa kliniki tangu saa moja, ukuta ule ule, sikusikia kitu. Nikamwuliza mtoto, "Yanasemaje?" Riyama akatazama chini. "Mama kasema atakwambia mwenyewe."

Nilivuka ukumbi. Mama yangu yuko kitandani kwake, mlango wazi, anajua tayari, naona kabisa kwamba anajua, na yeye pia hanambii. Thuwaiba alikuwa amekaa kwenye mkeka jikoni na birika la chai. Karatasi imelala mbele yake, imefunuliwa. Hakunipa. Aliisukuma kidogo tu kwa kidole, upande wangu.

Nikapiga magoti nikaisoma. Nikaisoma tena, maana mara ya kwanza macho hayakushika. Seli zimebadilika vibaya, imeandikwa, vibaya sana, lakini hazijavuka. Si saratani. Jumatano ijayo watakata sehemu ile yote, na atarudi kutazamwa kila baada ya muda. Nililia hapo hapo, kilio cha kitoto, kamasi na yote, natafuta leso siipati.

Thuwaiba alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kifuani mwake. Halafu akanimiminia chai.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Jumatano Mama ndiye atakayenipeleka. Keshasema, magoti yake na yote. Wewe utabaki hapa upike."

"Nitapika."

Akanisogezea kikombe. "Basi kaa kitako. Chai inapoa."

Nikakaa.